Kupima umri wa mifupa ya mtoni kwa kaboni-14: bei yake ni halali, mradi udai nitrojeni-15

Mfupa uliookotwa mtoni hauna tabaka la udongo la kuutolea umri. Maji yameung'oa huko juu na kuubiringisha kwenye changarawe, kwa hiyo kigae au mkaa uliolala kando yake si shahidi. Mfupa wa paja wa Ust'-Ishim, ulioonekana mwaka 2008 kwenye ukingo wa mto Irtysh, Siberia, ulipata umri wake wa miaka 45,000 hivi kutokana na kolajeni yake wenyewe, yaani protini ya mfupa. Kwa kazi hiyo huduma ya kichapuzi, mashine inayohesabu atomi za kaboni-14 (kaboni inayopungua kadiri mfupa unavyozeeka), haina mpinzani: gramu moja yatosha, mara nyingi hata nusu.

Maabara makini hukwangua uso kwanza, kisha huloweka vipande katika asidi ya hidrokloriki mpaka madini yaishe na kubaki kitu chororo kinachopinda kama gegedu. Alkali huondoa uchafu wa mboji, ule unaoupa mfupa wa mtoni rangi ya chai. Kinachobaki huyeyushwa kwa joto la nyuzi 75 hivi, huchujwa na kukaushwa kwa kugandishwa.

Mfupa uliopakwa gundi, sema mapema. Gundi ya plastiki ina kaboni ya petroli, huufanya mfupa uonekane mkongwe kuliko ulivyo, lakini asetoni huitoa. Gundi ya ngozi ni balaa: nayo ni kolajeni, haitengeki.

Ripoti yenye tarehe tupu irudishe. Ili kuthibitisha kolajeni ni nzima, uwiano wa kaboni kwa nitrojeni uwe kati ya 2.9 na 3.6, na kolajeni isipungue asilimia 1 ya uzito.

Dosari kubwa ya huduma nyingi ni kutoza kipimo cha nitrojeni-15, aina nzito ya nitrojeni inayodokeza ulaji wa samaki, kama nyongeza ya hiari. Kwa mla samaki si hiari hata kidogo. Maji ya mto hubeba kaboni kongwe ya mawe ya chokaa, samaki huila, mtu naye humla samaki. Kwenye Milango ya Chuma, korongo la mto Danube, mifupa ya watu ilitoa umri uliozidi kwa karne kadhaa ule wa ncha za mifupa ya wanyama zilizokuwa nayo makaburini. Fuvu la mtoni halina ncha ya kulinganisha; nitrojeni-15 na kaboni-13, aina nzito ya kaboni, ndizo za kuonyesha mlo.

Kabla ya msumeno, omba kipimo cha nitrojeni yote ya mfupa, cha miligramu chache, kujua kama kolajeni imebaki. Kikishuka chini ya asilimia 0.7, usikate.