LibreOffice Writer na nambari za vifungu: tathmini ya mchapaji wa katiba za vikundi

Sehemu kubwa ya kazi yangu hapa Mombasa ni kuchapa katiba za vikundi: vya kina mama wa Likoni, vya wavuvi, vya vijana wanaochangishana. Tangu ipitishwe Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kazi hii haijapungua, kwa kuwa kikundi kinachoomba kusajiliwa hutakiwa kuwa na katiba yake. Katiba hizo si ndefu, lakini zimejaa vifungu na vifungu vidogo, na kila mkutano wa wanachama huzibadilisha. Kwa sababu hiyo, programu ya kuandikia naipima kwanza kwa namna inavyotunza nambari, na kwa kipimo hicho naiona LibreOffice Writer kuwa chombo cha kuaminika, ingawa kinadai subira mahali fulani.

Niliigeukia baada ya kosa lililoniumiza. Nilikuwa nikiziandika nambari kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kikundi kimoja kikafuta kifungu cha 7, nami nikazipanga upya nambari zote zilizofuata, lakini nikasahau kwamba mahali pengine katiba hiyo ilikuwa ikitaja “kifungu cha 12(2)”. Kifungu kilichokusudiwa kilikuwa kimeshakuwa cha 11. Mweka hazina ndiye aliyeng’amua, mbele ya wanachama wote, kwamba kanuni ya kutoa fedha benki sasa ilikuwa ikimwelekeza msomaji kwenye masharti ya michango ya mazishi.

Writer hutenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Mtindo wa aya hushughulikia sura ya maandishi, yaani aina ya herufi, ukubwa wake na nafasi kati ya mistari; mtindo wa orodha hushughulikia nambari yenyewe, alama zinazoizunguka na umbali wake kutoka pambizoni. Ukibonyeza F11, dirisha la mitindo hufunguka, na humo mitindo ya orodha ina mahali pake. Kila mtindo wa orodha una viwango 10. Mimi hutumia vinne, kwa kufuata mpangilio uliomo katika Katiba ya Kenya ya 2010: cha kwanza 1, cha pili (1), cha tatu (a) na cha nne (i). Kisha naunda mtindo wa aya niliouita Kifungu, nauunganisha na orodha hiyo, na tangu hapo sigusi nambari tena. Nikitaka kushuka kiwango nabonyeza Tab mwanzoni mwa aya. Nikitaka kupanda natumia Shift na Tab.

Kuna kisanduku kimoja kinachopaswa kuangaliwa kwa makini, nacho ni cha idadi ya viwango vinavyoonyeshwa. Ukiweka 1 katika kiwango cha pili, itatokea nambari ya kifungu kidogo peke yake. Ukiweka 2, itatanguliwa na nambari ya kifungu kikuu, kama 7.1, mpangilio unaofaa zaidi kwa ripoti.

Lakini kilichonifanya nibaki ni marejeleo ya ndani. Badala ya kuandika “12(2)” kwa vidole, naingiza rejeleo linalokielekea kifungu chenyewe, na naweza kuchagua ionekane nambari yake tu au nambari kamili pamoja na ya kiwango kilicho juu yake. Vifungu vikisogea, nabonyeza F9 na marejeleo yote husahihishwa. Lile kosa la mweka hazina lisingeweza kutokea hapa.

Udhaifu wake upo. Kiwango cha pili huanza upya kila cha kwanza kinapoongezeka, na hilo halifai kwa waraka ambao sura zake hubadilika huku vifungu vikiendelea kuhesabiwa, kama Katiba ya Kenya yenye sura 18 na vifungu 264 vinavyofuatana bila kukatika. Dawa niliyoipata ni kuunda mitindo miwili ya orodha iliyo mbalimbali, mmoja wa sura na mwingine wa vifungu. Pia kile kitufe cha nambari kilichoko kwenye upau, ambacho mgeni hukikimbilia, huweka nambari moja kwa moja juu ya aya na kuufunika mtindo uliokwisha kupangwa. Kwenye kompyuta yangu nimekiondoa kabisa.

Programu hii, iliyozaliwa 2010 kutokana na OpenOffice.org, haina ada ya leseni, jambo kubwa kwa mwenye duka dogo. Mitindo yangu yote nimeipa majina ya Kiswahili, Sura, Kifungu na Masharti, na kuihifadhi katika kiolezo kimoja ninachokifungua kila kikundi kipya kinapofika.

Juma lililopita kina mama waliniletea katiba yao waondoe vifungu viwili na kuongeza kimoja. Kupanga nambari hakukutuchukua hata dakika tano. Muda uliobaki tuliutumia kubishana kuhusu maneno ya kifungu kile kipya, mpaka mwenyekiti wao akaridhika nayo.