Duka la dawa linalouliza maswali, Tandika

Madereva wenzangu mnaolilalamikia duka la dawa la nyuma ya stendi kwamba yule dada ana maswali mengi: ni kweli, anayo. Nyota zangu nne ni kwa ajili ya hayo maswali.

Kwingine ukinyoosha noti na kusema "diklopa", yaani diklofenaki ya maumivu, unakatiwa vidonge huku macho ya muuzaji yapo kwenye simu. Pale niliomba ya mgongo, akaniuliza, "Una presha, baba?" Ninayo, natumia losartan. Akaweka mkasi chini. "Na leo umekunywa maji?"

Dereva gani wa daladala anakunywa maji asubuhi? Foleni ikikukuta kibofu kimejaa, choo hakuna na abiria wanafoka. Bora ushinde na kiu, usukumie mihogo yenye chumvi kwa kinywaji cha kuongeza nguvu.

Akanieleza taratibu, bila mahubiri. Maji yakipungua mwilini, damu inayofika kwenye figo nayo inapungua, kwa hiyo mwili unatanua vimishipa vya kuiingizia. Diklofenaki inazuia kule kutanuka. Losartan nayo inalegeza vimishipa vya kutokea. Hayo mawili yakikutana na kiu, msukumo wa kuchuja damu unaanguka, na figo zinaweza kuumia wewe hujasikia chochote. Mtu anayemeza diklopa kila jioni ili kesho aamke kazini, na presha anayo, ndiye anayemtia wasiwasi.

Akanipa panadol za miligramu 500, nisipitishe nane kwa saa 24. Maumivu yakiendelea niende hospitali, na nikiwa huko niombe kipimo cha kreatinini na cha protini kwenye mkojo, vya kuangalia hali ya figo. Angeweza kuniuzia tu nikaondoka, hela ni hela.

Panadol haikati kama diklopa, tusidanganyane. Mgongo wangu ulipata nafuu zaidi fundi alipoinyanyua siti.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu ya mashine ya presha. Mkanda wake ni mdogo, na mkono mnene kama wangu ukifungwa mkanda mdogo, presha inasoma juu kuliko ilivyo. Nimeshamwambia, anasema mkanda mkubwa ameshauagiza. Halafu chenji hawana kabisa, na wanafungua saa mbili wakati sisi tuko barabarani tangu alfajiri. Pitieni jioni, na noti ndogo mkononi.