Msanifu wa Programu: Cheti au Miaka ya Kulea Mfumo?

Anayetaka kuwa msanifu wa programu, yaani mtu anayepanga sehemu za mfumo wa kompyuta na jinsi zinavyowasiliana, anaweza kupitia vyeti, kama kile cha TOGAF, mwongozo wa usanifu uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, ambao humpa msamiati na utaratibu wa kupanga mifumo ya taasisi kubwa. Ni njia fupi, na waajiri huipenda kwa kuwa karatasi huonekana.

Njia nyingine ni kuandika programu na kuilea kwa miaka. Hapa ndipo mtu hujifunza kwamba mteja akibonyeza "Lipa" na mtandao ukasuasua, atabonyeza tena, na mfumo usiotambua kuwa maombi hayo mawili ni malipo yale yale utamkata fedha mara mbili. Aliyewahi kukesha akirudisha fedha hizo, muamala mmoja mmoja, hachori tena, kwenye mchoro wa mfumo, mshale kati ya visanduku viwili vinavyowasiliana bila kujiuliza itakuwaje ujumbe ukifika mara mbili, au usipofika kabisa.

Binafsi ningeanza na njia hii ya pili, cheti nikakifuata baadaye, siku nitakapolazimika kumweleza mkurugenzi wa fedha kwa nini hifadhidata moja bado inatosha.