Gemu la besiboli lililoniharibia fainali: wamechanganya cheo cha mrushaji na pumzi yake

Nilishaamua kulipatia gemu hili nyota nne. Michoro sijali, nacheza magemu ya besiboli kwa ajili ya umeneja: nani aanze kurusha, nani aingie iningi ya saba (awamu ya mchezo; kwa kawaida ni tisa, huzidi zikiwa sare), nani afunge mechi. Kwa hilo, msimu mzima liliniridhisha. Halafu ikaja fainali, mechi ya saba na ya mwisho, na hata sasa ninapoandika damu bado inanichemka.

Iningi ya nane, tunaongoza 3-2. Kijana wangu wa benchi, aliyeingia tangu iningi ya saba, anawamaliza wapigaji mmoja baada ya mwingine kwa mipira ya maili 97 kwa saa. Akarusha mpira wake wa 25, na ule mstari wa pumzi pembeni ya jina lake ukaruka kutoka kijani hadi nyekundu. Njano haikuwepo kabisa. Mpira uliofuata ukatoka na maili 88, katikati kabisa, ukapigwa hadi ukutani. Uliofuata nao vivyo hivyo.

Nikakimbilia orodha nimtoe. Mrushaji wangu bora, aliyecheza siku mbili nyuma, jina limefifia: huyu ni wa kuanza, anapumzika. Laiti wangeniambia amechoka nusu, au akiingia anaweza kuumia, ningebeba lawama mwenyewe. Lakini kitufe hakibonyezeki!

Jamani, mimi naishi Toronto. Usiku wa tarehe 1 Novemba 2025 niliangalia Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa Dodgers ya Los Angeles, aliyekuwa amerusha mipira 96 jana yake tu, akiingia mechi ya saba ya fainali katika iningi ya tisa, akarusha mingine 34 na kutunyang'anya ubingwa sisi wa Blue Jays. Iliniuma, inaniuma mpaka leo, ila besiboli ndiyo hiyo. Madison Bumgarner, mrushaji wa San Francisco Giants, alifanya jambo kama hilo fainali ya 2014: iningi tano za mechi ya saba baada ya kupumzika siku mbili. Na fainali hiyohiyo ya 2025, mechi ya tatu ilipofika iningi ya 18, Will Klein, mtu wa benchi ambaye wengi hawakumjua, alirusha mipira 72 katika iningi nne bila kuruhusu pointi hata moja. Kwenye gemu hili angekuwa hoi kwenye wa 26.

Kasoro ni kwamba pumzi wameifunga kwenye cheo (wa kuanza au wa benchi), si kwenye mwili wa mtu. Nilijaribu kwa makusudi: nikaingia kwenye menyu, nikamtoa kijana yuleyule benchi na kumwandika kuwa wa kuanza. Mstari ukajaa papo hapo, mechi iliyofuata akarusha mipira 90 bila shida. Mkono uleule! Mpashe mtu moto mara tatu bila kumwingiza, hapungukiwi kitu, kana kwamba mipira ya mazoezi inarushwa na mkono mwingine. Na ukitaka kufanya walivyofanya timu ya Tampa Bay Mei 2018, kumwanzisha mrushaji wa benchi Sergio Romo iningi moja kisha ampishe Ryan Yarbrough, gemu linamfungia mwanzilishi wako siku nne. Romo mwenyewe alianza tena kesho yake.

Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja. Nilieleza kwa adabu, nikaambatanisha picha za skrini. Jibu lilikuwa mstari mmoja, bila hata salamu: vyeo vimekusudiwa kuwa hivyo, soma mwongozo. Mwongozo nimeusoma wote! Mtu katoa hela yake, kaeleza tatizo hatua kwa hatua, halafu anajibiwa kama mkorofi.

Haki itendeke lakini: kuna jambo wamelipatia kuliko magemu mengine niliyocheza. Mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu, anaanza kumsoma, hata kama mrushaji bado ana nguvu. Hapo ndipo nilipoelewa hofu iliyomfanya Kevin Cash, meneja wa Tampa Bay, amtoe mrushaji wake Blake Snell baada ya mipira 73 tu kwenye mechi ya sita ya fainali ya 2020, ingawa walipoteza. Aliyetengeneza sehemu hiyo anaijua besiboli. Sasa mtu kama huyo aliwezaje kuruhusu ujinga wa vyeo upite?

Nilitaka kuandika nyota moja. Msimu mpya nimeshauanza, hasira zikiwa bado kifuani, kwa hiyo naweka mbili, na ya tatu nitaiongeza siku watakayoniachia nimwingize mrushaji aliyechoka kwa hiari yangu.