OpenStudio: Mlango wa Kuingilia EnergyPlus

Maamuzi yanayoamua jengo litatumia umeme kiasi gani kwa miaka mingi ijayo hufanyika mapema, wakati mchoro ungali mwepesi: jengo lielekee upande gani, madirisha yawe na upana gani, paa liwekewe kihami joto au lisiwekewe. Wakati huo mhandisi wa nishati kwa kawaida hajaitwa, na anapoitwa hukuta kuta zimekwisha kukubaliwa. Kwa hiyo swali langu kuhusu OpenStudio, programu ya bure ya kukadiria kwa kompyuta nishati itakayotumiwa na jengo, iliyoanzishwa na maabara ya taifa ya Marekani ya nishati jadidifu (NREL), lilikuwa moja tu: je, msanifu majengo asiye mtaalamu wa uigaji, yaani kuliiga jengo kwa kompyuta, anaweza kuitumia akiwa bado na penseli mkononi?

Kinachofanya hesabu ndani yake ni EnergyPlus, injini iliyotolewa mwaka 2001 na Wizara ya Nishati ya Marekani kwa kurithi programu mbili za zamani, DOE-2 na BLAST. Injini hiyo ni huria, inaheshimika, na haina huruma kwa mgeni, kwa sababu hupokea faili la maandishi ambamo kila ukuta huelezwa kwa nafasi za kona zake, mstari baada ya mstari. Bei haijawahi kuwa kikwazo. Kikwazo ni faili hilo.

OpenStudio hulificha. Unachora ramani ya vyumba kwa kipanya, unataja urefu wa ghorofa, na jengo linasimama lenyewe mbele yako. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kisanduku kimoja kidogo ambacho, ukikitia alama, humwambia EnergyPlus achukulie kwamba chumba husika kinapozwa na kupashwa joto kwa mtambo mkamilifu wa kufikirika. Kwa njia hiyo msanifu anajua chumba kinahitaji ubaridi kiasi gani bila kulazimika kubuni mfumo wa viyoyozi asioujua, na hilo ndilo hasa analohitaji anapolinganisha michoro miwili.

Nilianza na vyumba viwili vilivyopakana, kimoja kikiwa na dirisha linalotazama magharibi, nikaendesha hesabu bila kivuli na kisha nikiwa nimeweka kizuizi cha jua juu ya dirisha. Mahitaji ya ubaridi yalishuka kama nilivyotarajia, lakini katika hali zote mbili yalikuwa makubwa kupita kiasi. Jioni nzima nilihangaika na kioo, na kioo hakikuwa na hatia. Nilikuwa nimesahau kuoanisha ukuta wa kati, yaani kuiambia programu kwamba pande zake mbili ni ukuta mmoja kati ya vyumba hivyo, kwa hiyo ulihesabiwa mara mbili kama ukuta wa nje unaopigwa na jua na upepo, ingawa kwenye skrini jengo lilionekana safi kabisa. Kosa lilikuwa langu, na dawa yake ni rahisi: badilisha rangi za mchoro zionyeshe kila ukuta umepakana na nini, nje au chumba kingine, kisha uukague kabla ya kuamini tarakimu yoyote.

Tatizo kubwa zaidi limo katika yale yaliyojazwa tayari. Ratiba za watu, taa na kuta za mfano zimetokana na majengo na viwango vya Marekani. Anayejenga kwa matofali ya udongo lazima aingize mwenyewe unene, msongamano, upitishaji joto na uwezo wa tofali kuhifadhi joto. Akiacha yaliyomo, atakuwa anapima jengo la mtu mwingine. Faili la hali ya hewa nalo, lenye saa 8,760 za mwaka, kwa kawaida hutungwa kwa miezi ya kawaida iliyochaguliwa kutoka miaka mbalimbali, na kwa hiyo halimwonyeshi mtu wimbi la joto kali ambalo huenda ndilo analoliogopa. Majengo yanayotegemea upepo wa madirishani yanawezekana kuigwa, ila hapo urahisi unaisha na ujuzi unaanza kudaiwa.

Kwa upande wa kaboni, programu hii ni nusu ya kazi. Inahesabu nishati ya kuliendesha jengo, wala haioni hewa ukaa iliyokwisha kutoka kiwandani saruji na chuma vilipotengenezwa. Kuongeza zege nene ili joto la chumba lisipande na kushuka sana kutaonekana kama ushindi mtupu. EDGE, programu ya mtandaoni ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), ni nyepesi zaidi na hutazama maji na vifaa vya ujenzi pamoja na nishati, lakini haikupi nafasi ya kuchimba saa kwa saa kwa nini chumba fulani kinachemka alasiri.

Ninaipendekeza OpenStudio kwa kulinganisha, yaani mchoro huu dhidi ya ule, kwa dhana zilezile. Mteja akikuuliza bili yake ya umeme itakuwa kiasi gani, usimsomee tarakimu iliyotoka humo kabla modeli haijasahihishwa kwa vipimo vya jengo halisi.