Wasaidizi wa makaratasi ya visa ya ndoa, nyota 4

Jamani hawa watu wanajua kazi. Namvuta mume wangu Marekani, nilidhani I-130, ile fomu ya kumwombea mume, ni kujaza majina na kusaini tu, kumbe dada aliyenihudumia kaweka cheti cha ndoa na pasipoti ya mume pembeni kwa pembeni akalinganisha herufi kwa herufi, akakuta jina la babu lina h huku na kule halina! Cheti kisicho cha Kiingereza lazima kiende na tafsiri iliyosainiwa na mtafsiri, wakanikumbusha. I-864, ile fomu ya kuahidi kumdhamini kifedha, ndo ilinitoa jasho, kipato kifike angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani kulingana na idadi ya watu wa kaya yako, pamoja na unayemleta, tukapiga hesabu pamoja mpaka nikaelewa. Nyota moja nimekata sababu simu hawapokei.