Kabla hujalipia seva ya barua pepe, mfikirie Jamali kwanza

Jamani mimi nililipia seva ya barua pepe ya ofisi mwaka mzima, hela imeshakwenda, wiki ya pili barua zote za Jamali zinamwangukia Ali. Hadi ya mshahara! Kumbe kwenye paneli yao niliweka sheria ya kuelekeza barua kwa rejeksi (mchoro wa herufi unaotafutwa ndani ya anwani) hii, /ali@/, nikajua itamshika Ali tu, ila bila ile kofia ya mwanzo, yaani alama ^ inayosema anwani ianzie hapo, inashika yeyote ambaye jina lake linaishia na ali, Jamali ndani, Jalali ndani. Dawa ni alama moja tu, /^ali@/, lakini paneli haina pa kujaribia, unaandika, unaseivu, unasubiri mtu aje kulalamika.

Kwa hiyo mambo ya GB ngapi sijui apu ya simu waulizeni wengine. Mimi nauliza kimoja: sheria naweza kuijaribu kabla barua ya kweli haijapita?

Namba moja, na sifichi kwamba naipendelea, ni VPS yako mwenyewe (seva ya kukodi unayoisimamia wewe) na Postfix, programu ya kupokea na kusambaza barua. Unaandika postmap -q jamali@example.com regexp:/etc/postfix/virtual, ikinyamaza ujue Jamali kasalimika, ikitoa anwani ya Ali una kazi. Inasoma kutoka juu, ya kwanza kushika ndo hiyohiyo, ukitanguliza sheria ya jumla basi za chini yake ni mapambo. Na ukitaka pcre, aina ya rejeksi yenye uwezo zaidi, kwenye Linux za Debian au Ubuntu weka kabisa postfix-pcre, haiji yenyewe, mimi ilinikesha.

Namba mbili Exim, programu nyingine ya barua kama Postfix. Ina exim -brw ya kujaribia sheria za kubadilisha anwani, tena Philip Hazel aliyeiandika ndo huyohuyo wa PCRE, ila ikiona $ inadhani ni kigeu chake mpaka rejeksi uizungushie \N huku na huku. Inachosha.

Google Workspace rejeksi zipo kwenye kuchuja barua, na unalipa kwa kichwa kila mwezi. Hostingi za bei chee za cPanel (paneli ya kuendeshea hostingi) ndani ni Exim hiyohiyo ila hawakuruhusu kugusa sheria zake, unaishia fowada za kupeleka barua kwa anwani nyingine na vichujio vya paneli.

Halafu hawa wauzaji! Kuna wa VPS wanafunga poti 25, mlango ambao seva hutumia kutumiana barua, na unakuja kujua umeshalipa, bei imeandikwa kubwaaa, VAT imejificha chini. Wangu nilipomuuliza pa kujaribia pako wapi akanijibu "dada, wewe andika kwa makini tu". Hela hakurudisha, na Jamali mpaka leo anauliza Ali aliujuaje mshahara wake.